Ziwa Lisilo Kwenye Ramani

Kaunti ya Wendell ilikuwa ikipungukiwa na watu tangu mwaka 1910, na Khole binti Murshid alikuwa na karatasi ya kuthibitisha hilo.

Ameibandika ukutani juu ya meza yake, pale Ansab, mjini Muscat, katika chumba kimoja alichokodi juu ya duka la dobi. Mwaka 1910 watu 8,904. Mwaka 1940 watu 6,130. Mwaka 1980 watu 2,870. Mwaka 2020 watu 1,688. Kaunti, kwa mpango wa Wamarekani, ni kama wilaya kwa hapa Oman, na hii ilikuwa wilaya ya mahindi na ng'ombe katikati ya jimbo la Nebraska, mbali na bahari yoyote. Watu walikuja kwa reli, wakalima, wakazaa. Halafu matrekta yakafanya kazi ya watu kumi, na wale watoto wakaondoka mmoja mmoja. Shule zilikuwa arobaini na mbili, sasa ziko mbili. Khole alikuwa hajawahi kufika Marekani, lakini baada ya wiki saba angeweza kukutajia mwaka ambao kila kijiji cha Wendell kilifunga posta yake.

Miaka ishirini na mbili alikuwa akipeleleza moto wa maghala kule Rusayl kwa niaba ya makampuni ya bima. Hakuna aliyemfunza kazi hiyo. Alijifunza kwa kusoma na kwa kukosea. Alipostaafu, watu wakaanza kumletea kazi ya namna nyingine: kuwatafuta ndugu waliopotea. Familia za Waomani zilizorudi kutoka Unguja na bara hazikosi mtu mmoja ambaye hajulikani alikoishia. Khole aliichukua kazi hiyo kwa taratibu zake zile zile. Haraka hana, sauti hapandishi, na ana kanuni moja: asili kwanza, nakala baadaye.

Safari hii kanuni hiyo ameivunja, na alikuwa bado hajui.

Mwenye kesi alikuwa Bi Kheiria binti Saeed wa Amerat, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Alikuwa akimtafuta kaka yake, Jaifar, ambaye barua yake ya mwisho ilifika Muscat mwaka 1979 ikiwa na muhuri wa posta ya Wendell. Watoto wa Bi Kheiria walitaka Jaifar asomewe hitma kama marehemu wengine, mambo yaishe. Yeye alikataa. "Mtu hasomewi hitma kwa kuchokwa," aliwaambia. Lakini daktari ameusikiliza moyo wake mara mbili mwezi ule, na mara zote mbili hakupenda alichokisikia. Bi Kheiria alitaka kujua kabla hajaondoka: kaka yake yuko hai, au kafa?

Saa kumi na moja jioni, Jumatatu, Khole alipiga simu Nebraska. Huko ilikuwa saa mbili asubuhi, na Bi Arlys Kovanda alikuwa ndiyo kwanza afungue mlango wa jumba la makumbusho la kaunti. Alikuwa mwalimu mstaafu, na jumba lile alilitunza bila malipo, siku mbili kwa wiki.

"Hapa hakuna Saeed, Bi Koli," alisema Bi Arlys, kwa Kiingereza cha kuvuta maneno. Jina la Khole lilikuwa limemshinda tangu siku ya kwanza. "Hayupo na hajapata kuwapo. Nimepekua daftari la ardhi, la shule, la ndoa na la makaburi. Tuko watu elfu moja na mia sita tu. Nusu yao nimewasomesha."

"Mwarabu yeyote?"

"Hakuna."

"Mtu yeyote aliyetoka Oman?"

"Waliotoka Omaha, tele." Bi Arlys alicheka peke yake kidogo, maana Omaha ni mji mkubwa wa Nebraska. "Samahani. Hapana, hakuna."

Khole alitazama ukutani. Karatasi ile ilikuwa na safu ya pili, ya watu waliozaliwa nje ya Marekani. Mwaka 1980: Wajerumani tisa, Wacheki wanne, Wameksiko watatu. Na chini kabisa: *Kwingineko, 1*. Mwaka 1990, Wajerumani sita, Wacheki wawili. Kwingineko, 1. Mwaka 2000, mwaka 2010, mwaka 2020: wengine wanazidi, wengine wanakwisha, lakini yule mmoja wa kwingineko yupo pale pale. Khole alikuwa amemzungushia duara kwa penseli.

"Huyu wa kwingineko ni nani?"

"Hesabu hazina majina. Serikali ikihesabu huficha, nasi tukihesabu wenyewe tunafuata mtindo huo huo."

"Nani aliyehesabu?"

"Jay Beckett. Tangu mwaka themanini. Kila miaka kumi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kitabu chake, hata kwenye theluji. Alifariki Februari mwaka jana, la sivyo ningekupa namba yake sasa hivi."

Khole aliandika: *Beckett, mhesabuji, marehemu.* Akapiga mstari juu yake. Shahidi pekee aliyejua ametangulia, na yeye amechelewa kwa mwaka mmoja.

"Basi tubaki na Lone Lake," alisema, maana barua ya Jaifar ilitaja ziwa. "Naomba orodha ya watu wa kijiji cha Lone Lake mwaka 1979."

"Hiyo haipo."

"Imepotea?"

"Mwaka 1979 hapakuwa na kijiji kinachoitwa Lone Lake. Paliitwa Dunmire. Ziwa lenyewe lilipatikana mwaka 1983, serikali ilipozuia kijito kwa bwawa. Wakabadilisha jina la kijiji wakitarajia wavuvi watakuja. Hawakuja."

Khole aliiweka kalamu chini. "Una hakika na mwaka huo?"

"Nilikuwapo walipokata utepe. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa pili, na jua lilikuwa kali."

"Na palikuwa na ziwa jengine lolote mwaka 1979? Hata dogo?"

"Bi Koli, mwaka 1979 maji mengi kuliko yote katika kaunti hii yalikuwa kwenye birika la ng'ombe la baba yangu."

Khole alimshukuru, akakata simu. Chini, dobi alikuwa akipiga pasi kanzu za dishdasha, na mvuke ulipanda dirishani.

Akalifungua faili. Barua ya Jaifar ilikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa zamani, na Bi Kheiria hakukubali itoke nyumbani kwake. Binti yake, Rawan, mhandisi wa shirika moja la maji, aliitafsiri kwa Kiingereza na kuileta ikiwa imepigwa chapa safi. Khole aliipokea. Katika tafsiri hiyo Jaifar alisema kwamba yeye na Kheiria wote ni wa mahali fulani, na Rawan aliliandika jina la mahali hapo kwa herufi kubwa. Lilikuwa jina lenye ziwa ndani yake. Khole aliipekua ramani ya Wendell, akaona Lone Lake, yaani ziwa la peke yake, akaridhika. Wiki tatu zimekwenda katika kijiji cha watu thelathini na mmoja.

Na ziwa halikuwapo. Barua imetaja ziwa miaka minne kabla halijapatikana.

Basi ama barua inasema uongo, ama Jaifar hakuandika habari za maji.

Alilisoma lile jina la Kiingereza tena, halafu akafanya jambo ambalo ilimpasa alifanye siku ya kwanza. Alilirudisha kwenye Kiswahili, neno kwa neno, akalitamka kwa sauti.

"Ziwa moja."

Bibi yake mzaa mama alikuwa na msemo. Wakipita sokoni Matrah humuonesha mwanamke fulani aliyeuza udi na kumwambia: yule mpe mkono na umuamkie vizuri, yule na mama yako wamenyonya ziwa moja.

Ziwa la mama. Titi.

Khole alisimama, akafunga dirisha. Mtoto akinyonyeshwa na mama asiyemzaa huwa ndugu wa watoto wa mama huyo. Hawaoani, hawafichani, wanaitana kaka na dada mpaka kaburini. Lakini nasaba haibadiliki. Kila mmoja hubaki na jina la baba yake. Kama Jaifar na Kheiria walikuwa ndugu wa ziwa moja, na si wa mgongo mmoja wa baba, basi Jaifar hakuwa bin Saeed. Kwa wiki saba Khole alikuwa akimtafuta mtu asiyekuwapo, katika kaunti ambayo imesema kweli tangu siku ya kwanza.

*Asili kwanza*, aliandika juu ya faili, akapiga mistari miwili chini yake.

*

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, alipanda mlima kwenda Amerat. Mbele yake lori la maji lilikuwa likijikokota mteremko na mpando kwa gea moja, na Khole hakujaribu kulipita. Alikuwa akipanga maswali.

Rawan alimfungulia mlango, simu mkononi, kitambulisho cha kazini bado shingoni. "Karibu, Bi Khole. Umelipata ziwa?"

"Nimelipoteza. N'naomba kuiona barua yenyewe."

Bi Kheiria alikuwa sebuleni, juu ya godoro lililotandikwa kando ya ukuta, miguu imefunikwa shuka. Alipokea salamu, akamuuliza Khole hali yake, hali ya watu wake, hali ya njia. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha. Khole aliichukua kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwangaza wa dirisha.

Ilikuwa na mistari sita tu. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa chuo cha Kurani, herufi zimekaa wima. *Nina kazi na nina pa kulala. Usihangaike kunitafuta.* Na mstari wa mwisho: *Mimi na wewe wa ziwa moja, na hilo halifutwi kwa kalamu.*

"Rawan," alisema Khole kwa upole, "hapa ulisoma nini?"

Rawan aliinama. "Ziwa moja. Nikaona ni mahali. Ziwa halifutwi kwenye ramani kwa kalamu. Si sawa?"

"Ziwa gani hilo, mama?" aliuliza Khole.

"Si ziwa tu! La maji!"

Bi Kheiria aliangalia dari. "Yarabi. Mtoto kanyonya miaka miwili kamili, leo halijui ziwa."

Rawan alimtazama mama yake, akamtazama Khole, na uso ukambadilika rangi. "Lahaula! Yaani… wallahi, Bi Khole, mimi kazi yangu maji. Nikiona ziwa, naona ziwa."

"N'likwambia ujifunze Kiswahili," alisema mama yake, "ukanambia hicho cha jikoni. Haya, jikoni ndiko maana ilikojificha."

Alikuwa akitania, lakini Khole aliona kwamba vidole vyake vimeikamata shuka. Aliikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akaiweka pale pale ilipotoka.

"Bibi, miye kosa langu nshalijua. Niliipokea nakala. Sasa n'na swali moja, na sitaki unijibu haraka. Babake Jaifar ni nani?"

Bi Kheiria alimgeukia binti yake. Kiyoyozi kilizima, kikawaka tena.

"Rawan, nenda katupikie kahawa."

"Mama, kahawa ipo kwenye birika…"

"Kapike nyengine."

Rawan alikwenda, lakini hakufika mbali. Khole aliuona upindo wa abaya yake ukingoni mwa mlango, naye Bi Kheiria aliuona, na wote wawili wakaunyamazia.

"Babake Bakhit," alisema Bi Kheiria. "Mpimaji wa karafuu. Akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mamake alikufa siku aliyomzaa, na mimi n'na miezi mitatu, basi mama akatuweka mmoja huku, mmoja huku. Bakhit naye akafa, Jaifar ana miaka sita. Toka hapo ni wetu. Baba hakuwa akisema 'mtoto wa Bakhit.' Akisema wanangu saba."

"Na kwenye karatasi?"

"Ndiyo hizo karatasi." Alivuta pumzi. "Tumetoka Unguja mwaka wa sitini na nne, tukakaa Dar miaka minane. Mwaka wa sabini na mbili watu wakaanza kurejea Oman. Akaja mtu wa kuandikisha, akaweka meza yake barazani. Kila familia inataja watu wake na kabila lao. Baba akataja watoto saba, Jaifar wa tatu. Yule mtu akaniita mimi pembeni, kuhakikisha, maana mimi n'nasoma na kuandika. Ananionesha jina, ananiuliza, huyu babake nani? Saeed. Huyu? Saeed. Alipofika kwa Jaifar nikasema Bakhit."

Khole alingoja.

"Hukuniuliza kwa nini."

"Utaniambia ukipenda."

"Kwa sababu ndiye babake. Chuoni tumesomeshwa, waiteni kwa baba zao. Umri wangu wote mtu akiniuliza babake Jaifar nani, n'nasema Bakhit, Mungu amrehemu. Sikudhani. Ulimi ulitangulia, akili ikaja nyuma." Sauti yake ilikuwa haijapanda hata kidogo. "Akauliza, kwa hiyo huyu si ndugu yenu? Baba kanitazama. Mimi ndiye niliyeulizwa. Nikasema, ni ndugu wa kunyonya. Yule bwana hakuwa mbaya. Akasema wa kunyonya hamna pahala pake kwenye karatasi hii. Akachukua kalamu, akapiga mstari."

"Jaifar alikuwapo?"

"Kasimama pale, kashika sanduku langu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Siku ya safari alinichukulia sanduku hilo mpaka garini. Akaniambia, chunga, bawaba ya kushoto imelegea." Bi Kheiria alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Miaka hamsini na mitatu nnataka kumuomba radhi mtu, na mpelelezi nnamuandikisha jina la uongo. Niliogopa. Nikisema bin Bakhit, nnakuwa nimempigia mstari mara ya pili."

Mlangoni, upindo wa abaya ulitikisika.

Khole hakuwa na ushahidi wa kutosha wa kumfariji. Alichukua daftari lake, akaandika kwa herufi za Kilatini: *Jaifar Bakhit.* Akaliangalia jina. Mtu wa namna hii hakuwahi kuwa Muomani katika karatasi yoyote. Asingejiita Muomani kwa mwalimu wa shule wa Nebraska, wala Mwarabu, wala Saeed. Na yule mwalimu, ambaye kwake Khole ni Koli, hilo Jaifar angelitamka vipi? Na Bakhit, isiyokuwa na *kh* katika kinywa chake?

Alijaribu kimoyomoyo, kwa kuvuta maneno. Jay. Jay Ba-kit.

Kalamu ilisimama. Akarudi kurasa mbili nyuma, kwenye jina alilolipigia mstari jana.

"Umempata," alisema Bi Kheiria.

"Sijui, bibi. N'na jina tu, na jina halitoshi. Niruhusu nipige simu moja kwanza."

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Huko, saa tatu asubuhi. Jumba la makumbusho lilikuwa limefungwa siku hiyo, kwa hiyo Khole alipiga nyumbani kwa Bi Arlys. Aliiweka simu juu ya meza, sauti wazi, na Rawan akaja akaketi bila kahawa yoyote.

"Bi Arlys, samahani kwa usumbufu. Jay Beckett alizaliwa wapi?"

"Jay? Kisiwani."

"Kisiwa gani?"

"Hakusema. Sisi tulidhani visiwa vya Karibi. Mtu akikujibu kwa adabu mara mbili bila kukujibu, hapa kwetu huulizi mara ya tatu."

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Mpimaji, kwenye ghala la nafaka. Miaka thelathini na minane. Wakulima walikuwa wakiamini mizani yake kuliko macho yao."

Rawan alikuwa akimnong'oneza mama yake tafsiri. Kwenye neno mpimaji, Bi Kheiria aliinua kichwa.

Ushahidi wa kwanza, alijihesabia Khole. Lakini wapimaji wako wengi duniani. "Alizikwa vipi?"

"Swali gani hilo?"

"Nisamehe. Kaburi lake liko kama mengine?"

"Haliko kama mengine. Nani kakwambia? Aliacha maagizo kwa maandishi. Kaburi lake limekaa mshazari, peke yake, mengine yote yamenyooka. Na alitaka alazwe kwa ubavu wa kulia. Mchimba kaburi alilalamika wiki nzima."

"Uso umeelekea wapi?"

"Kaskazini mashariki. Nakumbuka, maana alichora mshale."

Khole alikuwa amekwisha kulipima hilo tangu wiki ya kwanza, kwa mazoea tu, kama anavyopima kila kitu. Kutoka Nebraska, njia ya mkato ya kwenda Makka inapita kaskazini mashariki.

"Gazeti lilitoa taarifa ya msiba?"

"Naam, aliiandika mwenyewe. Ngoja." Karatasi zilisikika. "Fupi kabisa. 'Jay Beckett, miaka 79, wa Dunmire.' Hakuwahi kupaita Lone Lake. Mpimaji. Mhesabuji wa kaunti. 'Ameacha dada mmoja.' Hili jina sijui linatamkwaje, nikutajie herufi. K. H. E. I…"

"Inatosha," alisema Khole. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akasema: "Hapana. Malizia, tafadhali."

Bi Arlys alimalizia. Bi Kheiria Kiingereza hakukijua, lakini herufi alizijua. Aliziandama moja moja kwa midomo.

Khole alimgeukia. "Bibi. Ndiye. Alifariki Februari mwaka jana."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Bi Kheiria alisema hivyo mara tatu, kila mara chini zaidi ya iliyotangulia. Rawan alimshika mkono. Bi Kheiria akamgeukia Khole. "Kazikwa kwa kibla?"

"Kwa kibla."

"Nani kamzika?"

"Watu wa huko. Alikuwa akiwahesabu wote, bibi, nyumba kwa nyumba. Kila mara alikuwa akimuandika mtu mmoja wa kwingineko. Alikuwa akijiandika mwenyewe."

Simu ilikohoa. "Bi Koli? Bado mpo?"

"Tupo."

"Huyo mwenye jina hili, yupo hapo? Kuna jambo. Kadi ya makaburi ina nafasi ya jamaa wa karibu, na imebaki tupu tangu mwaka jana. Kadi ziko kwangu, lakini siwezi kujaza bila mwenyewe kuthibitisha. Muulize kwa niaba yangu. Yeye ni dada yake? Na ni wa baba na mama, au wa upande mmoja?"

Khole alitafsiri swali lote, hakupunguza neno. Rawan alifungua kinywa, na Khole akainua kiganja.

Bi Kheiria aliikazia macho simu. "Kwao hawana neno la sisi?"

"Hawana, bibi."

"Hata la karibu yake?"

"Nimetafuta. Hawana."

"Mwambie ndugu. Asiongeze kitu, asipunguze."

Khole hakuwa amewahi kupeleka jibu pungufu ya swali, mpaka leo. Aliinamia simu. "Dada yake," alisema. "Andika hivyo tu."

Waliisikia droo ikifunguka Nebraska, na kitu chepesi kikiwekwa mezani.

"Keshaandika?" aliuliza Bi Kheiria.

"Anaandika."

"Mwambie anisomee."

Bi Arlys alisoma polepole, kama mtu anayesomea darasa. Jina la marehemu. Tarehe. Jamaa wa karibu: Keria, dada.

"Si Ke," alisema Bi Kheiria, akiinama mpaka mdomo wake ukakaribia kioo cha simu. "Kh. Kheiria. Kh, kama unatoa mwiba wa samaki kooni."

Khole alitafsiri na mwiba wa samaki. Bi Arlys alijaribu, akakosa, akaomba radhi, akajaribu tena. Mara ya tatu alilipata, na baada yake akaongeza lile neno jengine, dada.

Bi Kheiria alifumba macho.

"Tena," alisema.